Frateri, mimi nitacheza lini?



Nimesoma falsafa miaka mitatu. Nimefanya mitihani kuhusu uwepo wa Mungu, kuhusu utashi huru, kuhusu mwili na roho. Lakini swali lililonishinda kabisa sikuulizwa darasani. Niliulizwa pembeni mwa uwanja wa kigango kimoja wilayani Hanang, na kijana wa miaka 17 aliyeshika filimbi.

Nilikuwa nimetumwa pale kwa kazi za kichungaji. Mimi mwenyewe ni mtoto wa Mbulu, kwa hiyo ugeni wangu haukuwa mkubwa. Paroko aliniambia, "Frateri, vijana hawa nakukabidhi. Wafanyie kitu." Hali mnaijua. Ukipita senta jioni unawakuta wamekaa kwenye bodaboda zisizo na abiria. Mmoja anakodolea simu kuona kama mkeka wake umechanika, mwingine gongo imeshammaliza tangu saa nane mchana. Basi mimi na viongozi wa VIWAWA tukaandaa bonanza la siku tatu: mpira wa miguu, netiboli, kuvuta kamba, kukimbiza kuku. Asubuhi mada, mchana michezo, jioni rozari.

Akaja kijana mmoja anayetembelea magongo mawili. Miguu yake ni dhaifu tangu utotoni. Nikamwonea huruma, nikamvalisha filimbi shingoni, nikatangaza, "Huyu ndiye refa wetu!" Watu wakapiga makofi. Siku hiyohiyo akaanza kuitwa Refa, na jina likamganda. Mimi nikajisifu moyoni: tazama, nimemshirikisha. Hata picha nilimpiga, nikaiweka status.

Siku ya tatu, fainali ilipokwisha, akanifuata.

"Frateri, mimi nitacheza lini?"

Nikajibu haraka haraka, "Si unachezesha? Hiyo kazi ni kubwa kuliko kucheza. Halafu ukiingia mle ndani utaumia."

Hakubishana. Alivua filimbi, akaniwekea mkononi taratibu, kama mtu anayerudisha kitu cha kuazima. Akaondoka. Jumapili iliyofuata hakuja Misa. Na iliyofuata pia.

Mchezo ni dawa?

Usiku ule nilijitetea sana kichwani. Mwanafalsafa hakosi utetezi! Nikasema: lengo la bonanza lilikuwa kuwasaidia vijana. Refa amesaidiwa, kwa kuwa amepata nafasi, ameheshimiwa, ametoka nyumbani. Sasa analalamikia nini?

Nikamkumbuka Aristotle. Katika kitabu chake cha Siasa anasema michezo itumike kama dawa. Mtu anafanya kazi, anachoka, anacheza kidogo, anapata nguvu, anarudi kazini. Mtakatifu Tomaso wa Akwino alilichukua wazo hilo na kulipanua. Katika Summa, sehemu ya pili ya sehemu ya pili, swali la 168, anafundisha kwamba kama mwili unavyochoka na kuhitaji pumziko, ndivyo na roho inavyochoka, na pumziko la roho ni furaha. Anasimulia kisa cha zamani kuhusu Mtume Yohane, ambaye watu walishangaa kumkuta akicheza na wanafunzi wake. Yohane akamwomba mmoja wao aliyebeba upinde apige mishale mfululizo, kisha akamuuliza kama angeweza kuendelea hivyo bila kukoma. Yule akajibu kwamba upinde ungevunjika. Na roho ya mtu ni hivyohivyo.

Mafundisho haya ni mazuri, na leo yanatumika kote. Kuna wataalamu ambao kazi yao ni tiba kwa michezo. Mtoto mwenye mtindio wa ubongo anafundishwa kurusha mpira ili mikono ilegee. Kijana anayeacha pombe anapewa ratiba ya mazoezi ili jioni zake zisiwe tupu. Mimi siwezi kudharau kazi hiyo. Mwaka 1948, kwenye hospitali ya Stoke Mandeville kule Uingereza, daktari Ludwig Guttmann aliwaandalia mashindano ya kulenga shabaha kwa mishale wanajeshi wa zamani 16 waliokuwa kwenye viti vya magurudumu, siku ileile Olimpiki ya London ilipofunguliwa. Wengi wakati ule waliamini mtu aliyevunjika uti wa mgongo ni wa kungojea kufa tu. Guttmann aliwatibu kwa michezo, na wakaishi.

Lakini hebu tazama kilichofuata. Mashindano yale yalikua, na mwaka 1960 yakafika Roma. Leo tunayaita Paralimpiki. Je, mwanariadha wa Paralimpiki anakimbia ili agangwe? Mwaka 2022 timu yetu ya Taifa ya soka kwa wenye ulemavu, Tembo Warriors, ilifika robo fainali ya Kombe la Dunia kule Uturuki. Wachezaji wa ndani wanakimbia kwa magongo na mguu mmoja, kipa anadaka kwa mkono mmoja. Tuliposhangilia, kuna aliyesema, "Ah, viungo vyao vimepata mazoezi mazuri"? Hakuna. Tulishangilia magoli.

Hapo ndipo utetezi wangu ulipoanza kupasuka. Dawa ina tabia moja: ugonjwa ukiisha, dawa inawekwa kando. Kama mchezo ni dawa tu, basi mtu mzima wa afya hana haja nao. Sasa mbona wale walioucheza mpira wa fainali yetu walikuwa wazima kuliko wote? Hakuna aliyewauliza, "Mchezo huu utakusaidia nini?" Swali hilo tunawauliza watu wa aina mbili tu: mwenye ulemavu, na kijana tunayemwona yuko kwenye njia ya kupotea. Sisi wengine tunacheza kwa sababu tunapenda. Wao lazima wawe na sababu.

Mitaa ya Yerusalemu

Fungua Biblia yako, Nabii Zekaria sura ya 8. Mungu anaahidi kuirudisha Yerusalemu iliyobomolewa. Ungetegemea aahidi kuta, majeshi, hazina. Zekaria anaona wazee wamekaa wakiwa na fimbo mikononi kwa wingi wa siku zao, na mitaa ya mji imejaa wavulana na wasichana wanaocheza. Basi! Hiyo ndiyo picha ya wokovu.

Angalia mantiki yake. Katika mji ule hakuna tena kinachotakiwa kutibiwa. Mungu amekwisha kuponya. Na bado watoto wanacheza! Kwa hiyo mchezo hauishi ugonjwa unapoisha. Mchezo ni sehemu ya uzima wenyewe ambao dawa zote zinatupeleka kwao. Nenda pia Mithali sura ya 8, uone Hekima akifurahi mbele za Mungu tangu kabla ya milima kuwekwa. Wakati ule hapakuwa na mgonjwa hata mmoja.

Tomaso mwenyewe hakuishia kwenye dawa. Katika swali lilelile la 168, baada ya kuonya juu ya kucheza kupita kiasi, anauliza kama kuna dhambi katika upungufu wa mchezo. Anajibu kwamba ipo: mtu asiyewapa wengine furaha yoyote na kuwazuilia furaha yao anakwenda kinyume na akili. Niliposoma tena mstari huo nilikaa kimya. Nilikuwa nimemzuilia mtu furaha yake, nikaita huruma.

Na si Kanisa tu linalosema hivyo. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu wa mwaka 2006, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2009, una ibara ya 25 kuhusu afya na ya 26 kuhusu utengamao. Michezo na burudani haikuwekwa humo. Imewekwa ibara ya 30, pamoja na utamaduni. Waliouandika waliona kwamba mwenye ulemavu anapocheza hayuko hospitali. Yuko kwenye maisha ya jamii, kama wewe.

"Lakini Frateri, kwanza chakula"

Najua kuna msomaji anasema, haya ni mambo ya watu walioshiba. Kwanza viti vya magurudumu, kwanza ada, kwanza unga. Na mimi niliwahi kufikiri hivyo.

Tarehe 3 Desemba 2023, Jumapili ya kwanza ya Majilio, mvua kubwa iliporomosha matope, mawe na magogo kutoka mlima Hanang. Yalifunika nyumba za Katesh na vijiji vya jirani kama Gendabi. Watu zaidi ya 80 walikufa. Waliopoteza makazi walihifadhiwa shuleni. Siku chache baadaye tulikwenda na vijana kupeleka nguo, unga na sabuni. Tukiwa tunashusha mizigo, mtoto wa kama miaka 8 akanivuta shati: "Mmetuletea mpira?"

Hatukuwa nao. Nakumbuka niliona aibu kwa ajili yake, nikawaza, mtoto gani huyu, watu wamekufa juzi tu. Lakini kijana mmoja wa kwetu akachukua matambara na kamba zilizofungia magunia, akasokota mpira wa chandimu. Dakika tano hazikupita, uwanja ulikuwa umejaa. Akina mama waliokuwa wamekaa ukutani kama mawe wakageuza vichwa. Sikumwona aliyekasirika. Mama mmoja alilia, akafuta machozi kwa kanga, akaendelea kutazama.

Ni kweli, unga hutangulia. Lakini kutangulia kwa saa si kutangulia kwa thamani. Unga unamfanya mtoto asife. Mpira ule ulimkumbusha kwamba bado ni mtoto. Na gharama yake ilikuwa matambara.

Aliyekuwa wa mwisho

Sasa turudi kwa Refa. Kosa langu lilikuwa wapi hasa? Sikumtukana, sikumfukuza. Nilimpa cheo. Shida ni kwamba nilimpa cheo badala ya nafasi.

Sisi watu wa Manyara tuna wakimbiaji wa kujivunia. Gidamis Shahanga wa Katesh alishinda marathoni ya Michezo ya Jumuiya ya Madola mwaka 1978. Lakini anayekumbukwa zaidi duniani ni mzaliwa wa Mbulu ambaye hakushinda: John Stephen Akhwari. Kwenye marathoni ya Olimpiki ya Mexico, mwaka 1968, alianguka akaumia goti. Mshindi, Mamo Wolde wa Ethiopia, alimaliza kwa saa 2 na dakika 20. Akhwari aliingia uwanjani zaidi ya saa moja baadaye, giza limeshaingia, mguu umefungwa bandeji, wa 57 kati ya 57 waliomaliza.

Fikiria kama pale alipoanguka angetokea mtu mwema akamwambia, "Kaka, njoo ukae jukwaa kuu, tukuvishe koti, uwe mgeni wetu wa heshima." Ungekuwa ukarimu. Na ungemnyang'anya kitu kilichomfanya akumbukwe hadi leo. Alikuwa wa mwisho, ila alikuwa ndani ya mbio.

Mfalme Daudi alilijua hili. Katika kitabu cha pili cha Samweli, sura ya 9, anamtafuta Mefiboshethi, mtoto wa Yonathani, mwenye ulemavu wa miguu yote miwili. Anamrudishia mashamba ya babu yake. Hapo msaada ungekuwa umetosha. Lakini Daudi anaongeza: utakula mezani pangu siku zote. Shamba ni msaada. Meza ni jambo jingine, kwa maana mezani mnatazamana.

Na hili linawahusu pia wale vijana wa gongo na mikeka. Niliwaandalia bonanza ili wasinywe. Nia njema, lakini kijana si mjinga. Anajua anapoitwa kama rafiki na anapoitwa kama tatizo. Don Bosco, aliyewakusanya vijana wa mitaani kule Torino, aliandika barua mwaka 1884 akihuzunika kwamba wakati wa mapumziko walezi wake walikuwa wamebaki kusimama pembeni kulinda na kuzungumza wao kwa wao. Zamani walicheza pamoja na vijana, ndiyo maana vijana waliwaamini. Nami kwenye bonanza langu nilikuwa wapi? Pembeni, na daftari la ratiba.

Tulikaa chini

Nilikwenda nyumbani kwao. Nilimkuta na bibi yake wanapukuchua mbaazi. Nikamwamkia bibi shikamoo, akanipa kigoda. Nikamwambia Refa, "Mdogo wangu, nimekuja kuomba msamaha. Nilikukosea." Alinyamaza kidogo, kisha akasema maneno ambayo sijayapata kwenye kitabu chochote:

"Frateri, mimi sikuomba kushinda. Hata tungefungwa, ila na mimi niwe ndani."

Kuna mchezo unaitwa mpira wa wavu wa kukaa. Ulianzia Uholanzi mwaka 1956. Wachezaji sita kila upande, wote wamekaa chini, na unapoupiga mpira makalio lazima yaguse ardhi. Wavu uko chini, mita moja na kidogo. Sisi tulifunga kamba kati ya miti miwili, tukaning'iniza kanga. Wote tukakaa kwenye majani, wenye miguu mizima na yeye.

Jamani! Nilidhani tutamsaidia Refa. Kumbe yeye amezoea kujivuta kwa mikono tangu utoto, na mabega yake ni ya mtu anayebeba mwili mzima kila siku. Alikuwa anateleza huku na huku, sisi tunabiringika kama magunia. Nilianguka chali mara mbili, akanicheka mpaka akakohoa. Kisha katikati ya mchezo akakosa mpira mwepesi kabisa, na kijana mmoja wa timu yake akafoka, "Refa, umelala au?"

Uwanja ukawa kimya. Nilitaka kuingilia kati nimkaripie yule kijana. Lakini Refa aligeuka, uso umechangamka, akajibu, "Nawe si ungeufuata! Una miguu ya nini?" Wote tukacheka, mchezo ukaendelea.

Nadhani ilikuwa mara ya kwanza mtu kumgombeza kwa kuharibu mpira. Anayegombezwa uwanjani ni yule anayetegemewa. Asiyetegemewa anapigiwa makofi.

Sitaki kuwadanganya. Miguu ya Refa haijapona. Kati ya vijana wa bonanza lile, wapo ninaowakuta hadi leo kwenye gongo, na mmoja ameuza simu yake kwa ajili ya mikeka. Kama mchezo ungekuwa dawa tu, ningeandika hapa kwamba imeshindikana. Lakini kila Jumamosi saa kumi kamba inafungwa, na huyohuyo aliyeuza simu huwa anakuja. Huwa anakaa upande wa Refa. Wanagombana sana.

Vijana wenzangu, wiki hii naomba tufanye mambo matatu. Kwanza, kwenye jumuiya yako ndogo ndogo, fikiria nyumba yenye kijana au mtoto ambaye hamjawahi kumwona nje. Wengine hata kwenye daftari la jumuiya hawamo. Nendeni mkawasalimie wazazi, msiende na picha za status. Pili, kabla ya kumpa mtu kazi ya heshima pembeni mwa uwanja, muulize anataka nini. Mimi sikuuliza. Tatu, kama kanuni za mchezo zinamwacha mtu nje, badilisheni kanuni. Bwana wetu alifundisha kwamba sabato ilifanywa kwa ajili ya mtu. Kama sabato ni hivyo, kanuni za mpira je?

Tusali.

Ee Bwana Yesu, uliyekuwa mtoto Nazareti ukacheza na wenzako, utusamehe kwa kila mara tulipowaweka wenzetu pembeni tukadhani tumewaheshimu. Utufundishe kukaa chini walipokaa wao. Uwakumbuke waliokufa Hanang na watoto waliobaki. Na siku ile utakapoijaza mitaa ya Yerusalemu mpya, utujalie sisi sote tuwe ndani. Amina.